Nati ya Gurudumu la Nyuma

Rubeni alikutwa amelalia usukani, amekufa, lebo ya suti mpya ikiwa bado imeshonwa mkononi. Jumamosi hiyo alikuwa anakwenda kujitambulisha kwa kina Elina, mchumba wake, na wazee wake walishatangulia. Gari lilikuwa limeparamia mwamba chini ya mteremko wa Mbebe. Pedeli ya breki ilizama hadi sakafuni, na gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limelowa mafuta ya breki.

Inspekta Tusekile alipoambiwa kwamba breki hizo zilitolewa upepo, ile hewa inayonasa kwenye mafuta yake, jana yake kwenye gereji moja ya Tunduma, hakutafuta mbali. Mafundi hakuwaamini hata kidogo. Walishambadilishia betri nzima kwa mbovu, tena wakimchekea. Saa nane mchana fundi Lusubilo alikuwa mahabusu, na mkewe Imelda yuko kwenye benchi la kituo, analia waziwazi. Kesi ya mauaji haina dhamana, na Imelda alilijua hilo.

"Gari lina ABS, breki zinazoongozwa na kompyuta," Tusekile alisema. "Ukatoa upepo kienyeji, ukaacha hewa ndani ya pampu. Kweli, si kweli?"

"Si kweli, afande. Niliunganisha kompyuta, ikafungua valvu za ABS, hewa ikatoka yote. Kipimo kimo humo, na saa yake. Kisha nikakaza kila nati ya kutolea upepo, moja kila gurudumu, nikachora mstari kwa msumari kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma chake. Nati ikisogea, mstari unapishana."

Tusekile hakumsadiki. Alikwenda kuangalia mwenyewe, akapiga magoti kwenye matope na tochi yake. Mistari mitatu ilikuwa imenyooka. Wa nyuma kushoto ulikuwa umepishana. Nati ililegezwa nusu mzunguko.

Alirudi mahabusu. "Uliilegeza mwenyewe baadaye."

"Gari liliondoka saa kumi jioni, afande. Sikuliona tena."

"Nani mwingine aliiona hiyo kazi?"

"Yonasi, mdogo wa marehemu. Kazi hii ni ya watu wawili. Yeye alikuwa juu anakanyaga pedeli, mimi chini nafungua nati. Aliuliza maswali mengi! Nikamwambia hata hayo mafuta asiyaguse, yanakula rangi."

Jumapili asubuhi Tusekile alimkuta Yonasi msibani, ameegemea pikipiki yake. Tangi lilikuwa limefunikwa sweta, na jua linachoma.

"Pole na msiba, kijana."

"Ahsante, mama."

"Juzi gereji ulishika spana?"

"Hapana. Nilikanyaga tu. Mambo ya chini siyajui, mwe!"

Tusekile aliondoa sweta. Rangi ya tangi ilikuwa imeumuka na kubanduka, kwa umbo la spana.

"Spana iliyolowa mafuta ya breki uliiweka hapa. Namba kumi?"

Yonasi alikaa chini, palepale vumbini. Tusekile alimkumbuka Imelda kwenye lile benchi, akaona aibu.

"Hulazimiki kusema lolote," alimwonya. "Utakalosema litaandikwa, na linaweza kutumika mahakamani."

"Elina alikuwa wangu, afande. Miaka miwili. Braza hakujua, na yeye ndiye aliyenisomesha, nilishindwa kumwambia. Nilitaka achelewe tu. Pedeli ilegee, gari lirudi gereji, siku ipite, nipate moyo wa kusema."

Tusekile aliandika haraka. Lusubilo angetoka mchana huohuo, na yeye mwenyewe angemwomba radhi mbele ya mkewe.

"Mbona hakulirudisha gereji?"

"Asubuhi alikanyaga, ikazama. Akakanyaga tena na tena mpaka ikawa ngumu, kama alivyoniona nikifanya kule gereji. Akacheka. Akasema, 'Imekubali.'"

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Getini."

"Ukamwambia nini?"

Yonasi alijifuta machozi kwa kiganja, lakini hayakukoma.

"Nikamfungulia."