Mnara wa Mama Mkwe

Jumanne, saa kumi jioni. Migori.

Tony alifuta meza kwa kiwiko. Skrini zilizopasuka na bisibisi ndogondogo zikamwagika sakafuni. Mwenye duka alikuwa mbele akitengeneza simu za watu, redio imefunguliwa mpaka mwisho. Huku nyuma kulinuka waya ulioungua na jasho la watu wanne. Tony akachukua chaki, akachora.

"Hapa mnara. Hapa nyumba ya mama mwenye shamba. Hapa barabara ya Rodi Kopany. Kesho stima inapotea saa tatu mpaka jioni, wametangaza wenyewe. Jenereta ni kavu. Sasa mnara unakula nini?"

"Betri," Gisiri alisema. Gisiri ndiye dereva, Mkuria wa Isebania mpakani, mtu asiyetumia maneno mawili pale ambapo moja linatosha.

"Na tukibeba betri?"

"Unazima."

"Unazima! Rodi yote kimya. Na hapo sokoni Damaris amesimama chini ya mwavuli wa Pepea, anapeana laini za bure."

Damaris alikuwa ameshavaa fulana ya kampuni, ya manjano, yenye kipepeo kifuani. Aliivuta mabegani kama nguo ya kuazima.

Huko ndiko biashara ya simu ilikokuwa imefika. Miaka mingi kampuni ya Sauti ilitawala peke yake, na mtu akitaka samaki, omena kutoka kisiwa cha Remba au mbuta kutoka Mfangano, alipiga kwa laini ya Sauti au alikaa na njaa yake. Kisha Pepea ikaja na bando za bei ya peremende. Vibanda vikapakwa rangi ya manjano hadi vyoo vya soko. Lakini watu wa Rodi walichukua fulana, wakachukua miavuli, wakabaki na Sauti. Machuki, wakala mkuu wa Pepea eneo hilo, alikuwa amechoka kubembeleza. Kesho alikuwa na sherehe ya uzinduzi, na alitaka mshindani wake awe maiti siku hiyo.

Elkana alikaa juu ya kreti la soda, mguu ukimcheza. Alikuwa fundi wa minara ya Sauti, mpaka vita vya bei vilipoanza. Walipomaliza kushusha bei walianza kushusha watu. Mafundi wakaenda. Walinzi wakaenda. Ufunguo wa mnara wa Rodi wakamwachia mwenye shamba, mjane aliyeitwa Jerusha.

"Tusivunje kufuli," Elkana alisema. "Ukivunja, king'ora kinalia mpaka Nairobi. Ukifungua na ufunguo, Nairobi wanaona mnara umezima, wanaangalia tangazo la stima, wanarudi kwa chai yao."

"Ufunguo uko wapi?"

"Kwa msumari, chumbani kwa mama. Nyuma ya pazia."

"Umeuona?"

"Mke wangu aliniambia."

Tony akaipiga chaki mezani. "Poa. Damaris anampigia mama kesho, anamwambia ameshinda simu, aje Rodi achukue. Elkana anaingia, anatoa ufunguo."

"Mimi siingii."

Redio ya mbele ikatangaza bei ya mahindi.

"Huyo ni maro wangu," Elkana alisema. "Mama ya bibi yangu. Sisi Wajaluo, chumba cha kulala cha maro huingii. Hata kama nyumba inaungua."

Tony alicheka mpaka akakohoa. "Omera, ndugu yangu! Unaweza kumwibia, lakini huwezi kuingia kwake?"

"Simwibii. Betri ni za kampuni."

Hivyo ndivyo alivyojieleza mwenyewe wiki nzima, na kila alipojieleza maneno yalizidi kuwa mepesi. Ukweli ni kwamba alikuwa akimfuata Lynnet. Mkewe alikuwa amerudi kwa mama yake tangu Juni, na hakumtukana wala hakulia. Alisema tu: "Ukipata kazi ya kueleweka, kuja unichukue, upitie mlango wa mbele." Na Machuki alikuwa ameahidi kazi ya kueleweka. Msimamizi wa minara ya Pepea, eneo lote. Shati lenye kola, pikapu, na jina lake kwenye kadi. Hakuna kingine kilichomweka Elkana kwenye kreti lile.

"Sawa," Tony alisema. "Ufunguo nitauchukua mimi, nisiye na maro."

"Na hakuna bunduki."

"Hakuna."

Jumatano, saa nne kasorobo asubuhi. Nje ya Rodi Kopany.

Waliingia mchana mweupe, kama watu wa haki. Ovaroli za buluu, helmeti, miwani, barakoa za vumbi. Ubavuni mwa pikapu walibandika karatasi ya jina la kontrakta ambaye hajawahi kuzaliwa. Stima ilikuwa imeshakatika. Mnara ulisimama nyuma ya nyumba ya Jerusha ndani ya uzio wa seng'enge, na vitaa vyake vyekundu vilikuwa bado vinapepesa.

Simu ya Tony ikalia. Damaris.

"Mama amefika soko. Nimempa kiti na soda. Fanyeni haraka, huyu hana maneno mengi."

Tony akaingia nyumbani. Elkana alibaki uani akiangalia viatu vyake. Miaka sita ya ndoa, na hajawahi kumtazama Jerusha usoni, wala Jerusha hajawahi kumtazama yeye. Wakikutana njiani, mama alisogea pembeni akageukia majani, na Elkana akainamisha kichwa mpaka apite. Tony angeona ni upuuzi. Elkana aliipenda heshima ile. Kwingine kote aliitwa wewe fundi, wewe kijana, wewe toka hapo.

Tony alitoka akining'iniza ufunguo kidoleni. Alikuwa anatafuna ndizi.

"Umeitoa wapi?"

"Mezani. Maro wako anaweka ndizi tamu."

Elkana akaunyakua ufunguo.

Kabati lilifunguka bila kelele. Mikono yake iliifahamu kazi hiyo kuliko alivyojifahamu yeye. Akazima swichi moja baada ya nyingine, akalegeza nati, akatoa nyaya. Betri ya kwanza ikatoka, nzito kama gunia la saruji, Gisiri akaipokea. Ya pili. Ya tatu. Ya mwisho ilipotoka, feni ndani ya kabati ilipunguza mwendo, ikakohoa, ikanyamaza. Juu, vitaa vikafa.

Elkana akainua macho kuvitazama, na hapo ndipo alipoliona.

Dishi jipya. Lilifungwa katikati ya mnara, jeupe, limegeukia upande wa ziwa. Tumboni lilikuwa na kipepeo cha manjano.

Akasimama kama aliyemwagiwa maji. Pepea haikuwa na njia yake. Mnara wao mdogo wa Rodi, ule Machuki aliojivunia kwa kila mtu, ulipata mawasiliano kupitia hapa. Walitukanana kwenye redio na mabango, kumbe Pepea ilikuwa mpangaji kwa Sauti, wanakula kwenye sufuria moja. Machuki alikuwa mtu wa kuuza laini. Alijua rangi ya fulana, hakujua dishi liko wapi. Na fundi wa kumwambia alikuwepo, lakini hakuja kuuangalia mnara kwanza. Alitegemea kumbukumbu ya mwaka jana, wakati dishi halikuwepo. Fundi gani hufanya hivyo? Fundi mwenye haraka ya kuitwa msimamizi.

Akatoa simu. Laini ya Sauti, hakuna. Laini ya Pepea, hakuna.

"Tony. Damaris hawezi kutupigia."

"Ana laini mbili."

"Zote zimekufa. Tumeziua sisi."

Tony alimtazama, akatazama barabara. "Pakieni. Sasa hivi."

Saa nne na nusu.

Wa kwanza kuletwa na kimya cha simu alikuwa mwanamke aliyetoka boma la jirani, beseni la omena kichwani, simu mkononi ameiinua juu akitafuta mtandao. Elkana alimtambua kwa mwendo kabla ya sura. Moyo ukampiga kwa furaha kwanza, kisha kwa hofu. Jumatano Lynnet huwa sokoni. Kila Jumatano! Leo alikuwa ameanika samaki kwa jirani.

"Nyinyi ndio mmezima?" Lynnet aliuliza. "Boti ya Remba inangoja niwapigie. Itarudi saa ngapi?"

"Dakika kumi, madam," Tony alisema. "Ni sabis tu ya mitambo."

"Mama aliwapatia ufunguo?"

"Alitupatia."

"Mama hapeani ufunguo kabla hajapigia ofisi." Akasogea. Macho yake yakapita kwa Gisiri, yakaja kwa Elkana aliyempa mgongo, yakashuka mpaka kwenye spana iliyoshikwa kwa mkono wa kushoto, kidole kidogo kimesimama kando kwa sababu kilivunjika zamani na hakikupona vizuri. Alikuwa amekikanda kidole hicho kwa maji moto, miezi.

"Elkana?"

Hakugeuka. Alitamani ardhi ipasuke immeze na betri zake.

Tony akatoa bastola kiunoni. Ilikuwepo siku zote.

Beseni likaanguka. Lynnet alikimbia, akaruka kizingiti cha nyumba, akapotelea ndani. Tony akamfuata.

"Tony, wacha! Tony!"

Elkana alifika mlangoni mbio, na miguu ikakataa. Kweli ilikataa. Alisimama hapo amekamata fremu, anahema. Ndani kulikuwa na sebule, vitambaa vyeupe juu ya viti, ganda la ndizi mezani. Mbele zaidi pazia la maua. Nyuma ya pazia, kishindo. Kisha sauti ya Lynnet, fupi, ya mtu aliyepigwa.

Akaingia. Akavuka sebule, akalitupa pazia, akaingia chumbani kwa mama mkwe wake.

Aliona vitu ambavyo mkwe haoni. Kitanda kisichotandikwa. Gauni la kulalia kwenye kamba. Meno ya bandia ndani ya kikombe. Na Lynnet sakafuni pembeni ya kitanda, damu mdomoni, Tony amemsimamia, mkono wenye bastola umeinuliwa umpige tena.

Spana ilimpata Tony juu ya sikio. Bastola ikalia, mabati yakatoboka, jua likaingia. Wakaanguka wote wawili, wakavuta shuka, wakavunja kikombe. Elkana alimpiga tena, na tena, mpaka mkono uliomkaba koo ukalegea.

"Umekuja kufanya nini hapa?" Lynnet alinong'ona. "Hapa! Chumbani kwa mama?"

Nje, pikapu iliwaka. Gisiri hakupiga honi wala kuita mtu. Alikanyaga mafuta, na betri zote zikaondoka naye kuelekea mpakani.

Saa tano kasorobo.

Watu walikuwa wameshaanza kujaa. Mtandao ukipotea Rodi, watu hawaulizi kampuni. Wanaenda kwa Jerusha, kwa sababu mnara uko kwake. Walikuja na simu mikononi, waendesha boda, wauza samaki, mama mmoja akilalamika kwamba mwanawe wa Nairobi amekatika katikati ya neno. Wakasikia risasi. Waliotaka kulalamika wakaokota mawe.

Gari la Abdullah, Probox, likaingia uani. Abdullah alikuwa na duka Rodi, wakala wa kutuma pesa. Simu zilipokufa alikuwa na foleni mpaka barabarani. Alimwendea Jerusha pale kwenye mwavuli wa manjano, akamwambia mama, twende ukachukue ufunguo wako. Damaris aliwaona wakiondoka. Aliwapigia wenzake mara kumi, kwa laini zote mbili, akavua fulana, akapotelea sokoni.

Tony na Elkana waliburutwa nje. Helmeti zilienda, barakoa zikaenda. Jiwe lilimpasua Elkana nyusi, damu na vumbi vikamfanyia sura nyingine. Uani hapa alikuwa amefika mara chache, siku za mahari, akiwa ndani ya suti, na mnarani siku za kazi, ndani ya helmeti. Hakuna jirani aliyemtambua. Mtu alikuwa tayari anabingirisha tairi kuukuu. Kumpigia polisi hakukuwezekana, na wao ndio walikuwa wamehakikisha.

"Ngojeni!" Abdullah alipiga kelele. "Ngojeni kwanza! Mama, hawa wametolewa chumbani kwako. Huyu wa bastola hatumjui. Na huyu? Unamjua?"

Jerusha alikuwa amesimama karibu na gari, simu mpya ya zawadi bado ndani ya boksi kwapani. Nyuma yake Lynnet alifungua mdomo uliovimba. Mama yake, bila kugeuka, akamkamata kiganja.

Kisha akatembea. Watu wakampisha. Elkana alisikia kandambili zake zikija, akainamisha kichwa kama siku zote, akangoja zipite pembeni. Hazikupita. Zilisimama mbele yake.

Akainua macho. Jerusha alikuwa anamtazama usoni.

Alimtazama wazi, bila aibu, kama unavyomtazama mtu yeyote barabarani. Macho yake yalikuwa ya kahawia, na la kushoto lilikuwa na doa dogo jeupe. Miaka sita Elkana hakulijua doa lile, na hakupaswa kulijua. Alielewa yote kabla hajasikia neno.

"Simjui," Jerusha alisema.

Umati ukaunguruma. Mama akainua mkono.

"Lakini hakuna mtu atachomwa kwa boma yangu. Mfungeni, mumpeleke polisi."

"Wewe, jisemee!" Abdullah alimtikisa Elkana bega. "Ulikuwa unatafuta nini chumbani kwa huyu mama? Wewe ni nani kwake?"

Lynnet alikuwa anamtazama. Neno moja lingetosha. Angesema mimi ni orwa, mkwe wa hapa, na labda kamba ingelegezwa. Na kila kinywa Rodi kingekula jina la Jerusha, mama ambaye mkwe aliingia chumbani kwake, mpaka siku ya kuzikwa kwake.

"Mimi si mtu," Elkana alisema. "Mama hanijui."

Akainamisha macho chini, ingawa hakukuwa tena na mkwe wa kumwinamishia.

Walimfunga mikono kwa waya wake mwenyewe, wakamsukuma nyuma ya Probox kando ya Tony aliyekuwa anakoroma. Mlango ulifungwa. Kupitia kioo chenye vumbi alimwona Jerusha akitoa shuka zake zote nje, na Lynnet amechuchumaa uani, anaokota omena.