Maharagwe ya Kijino

Kila siku baada ya shule, Kijino alivua viatu, akala chakula alichofunikiwa jikoni, kisha akabeba ndoo zake mbili hadi bustanini nyuma ya nyumba. Wenzake walimpa jina hilo kwa ajili ya jino moja lililochomoza mbele ya mengine. Rafiki yake Chiriku, msichana ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, alikuja kumsaidia kuteka maji kwenye kisima kilichokuwa hapo bustanini. Baba yake Chiriku, Fundi Visima, ndiye aliyekichimba kisima hicho miezi mitatu nyuma.

Siku ya kwanza mama yake Kijino aliyaonja maji akakunja uso. "Fundi, mbona yana ukali kidogo?"

"Hayo ni maji mapya, dada," fundi alijibu huku akikunja kamba zake. "Ni ladha ya udongo tu. Yatatulia."

Mama aliamini. Maharagwe yalichipua vizuri, lakini kabla hayajatoa maua, ncha za majani zikaanza kukauka kama zilizopitiwa na moto.

"Wewe unamwagilia kweli, au unapiga soga tu na mwenzako?" mama aliuliza.

"Namwagilia, mama! Kila siku!"

"Usinifanye mtoto. Mmea unaopata maji haukauki."

Maneno hayo yalimchoma Kijino. Tangu kesho yake, badala ya ndoo nne alimwaga nane. Chiriku alibeba naye bila kulalamika, ila alikuwa kimya.

"Leo umemeza ulimi?" Kijino alimtania.

"Kichwa kinaniuma," Chiriku alijibu akitazama pembeni.

Kadiri walivyomwagilia, ndivyo maharagwe yalivyozidi kufa. Juu ya udongo kukatanda utando mweupe, kana kwamba mtu amemwaga unga.

Jumamosi mama alimwita Bibi Shamba, mtaalamu wa kilimo. Alifika kwa pikipiki, buti zake zimejaa matope. Alichukua ule utando mweupe kwa kidole, akauonja, akatema. Kisha akatumbukiza kipimo chake kwenye ndoo.

"Haya ni maji ya chumvi," alisema. "Maharagwe hayaiwezi kabisa. Ukimwagilia, jua linakausha maji, chumvi inabaki. Mtoto ameyaua kwa bidii yake mwenyewe. Kwani aliyechimba hakupima?"

"Aliniambia ni ladha ya udongo," mama alijibu.

Chiriku, aliyekuwa amekuja kuteka maji kama kawaida, aliiweka ndoo chini akaanza kulia. "Alipima, akaona yana chumvi. Mimi ndimi niliyeshika chupa ya kupimia. Baba alisema nikitoa siri, hakuna atakayempa kazi tena."

Kijino alimgeukia. "Ulijua? Siku zote hizi? Mama ananigombeza, na wewe umesimama palepale na ndoo mkononi?"

"Nilitaka kukusaidia..."

"Kunisaidia kuua maharagwe yangu!" Kijino alipiga kelele, akakimbilia ndani. Alikaa sakafuni nyuma ya mlango. Kukauka kwa bustani kulimuuma, lakini zile ndoo walizobeba pamoja wakicheka zilimuuma zaidi.

Fundi alipoitwa, kwanza alikana. Alipomwona binti yake na macho mekundu, akainamisha kichwa.

"Nilikupokea kama ndugu," mama alimwambia. "Ungesema kweli, ningepanda kitu kingine. Sasa umenifanya nimwonee mwanangu."

Wiki hiyo fundi alichimba mfereji wa kutolea maji mwishoni mwa bustani. Bibi Shamba aliwaonyesha kuifurika bustani kwa maji ya mvua kutoka kwenye tangi la fundi mwenyewe, ili chumvi ioshwe na kutoka kupitia mfereji. Wakachanganya samadi, wakatandaza nyasi kavu kuzuia jua. Wakapanda spinachi, ambayo huvumilia chumvi kiasi. Maji ya kisima yakawa yanachanganywa na ya mvua, na wakamwagilia mara chache, lakini kila mara mpaka udongo ulowe chini kabisa.

Chiriku alileta maji ya tangi kila jioni. Kijino aliyapokea bila kumsemesha. Siku ya tisa ndipo alipofungua mdomo: "Sijakusamehe bado. Lakini shika mpini upande ule, ndoo ni nzito."

Spinachi ya kwanza ilipovunwa, mama aliwaita wote wawili.

"Kijino, nilikuhukumu kabla ya kuchunguza. Nisamehe, mwanangu. Nawe Chiriku, najua ni vigumu mtoto kupingana na baba yake. Lakini ungeninong'oneza siku ile majani yalipoanza kukauka, tungepoteza mbegu tu. Udongo huu umechukua miezi miwili kupona. Kumfanya rafiki akuamini tena huchukua muda mrefu kuliko huo, kwa hiyo anza leo, na usichoke."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Kijino alimsogezea kikapu, wakaanza kuchambua majani pamoja.