Chati Aliyoandika Baba Baada ya Kuzikwa

"Najma, huu si mwandiko wa baba yako?"

Mwanaasha, muuza karanga wetu hapa Dunda, alinikunjulia kikaratasi chenye mafuta na chumvi. Mtaa mzima unajua ugonjwa wangu: nakusanya chati za zamani za redio, zile nyimbo kumi bora ambazo watu walikuwa wanazinakili kwenye madaftari kila Ijumaa.

Nikaangalia. Saba ina kistari tumboni. Wimbo uliopanda, pembeni "umepaa". Ulioshuka, "umeteleza". Baba mtupu, kama kwenye chati yake moja niliyorithi!

Halafu nikaona tarehe... 15 Mei 1998.

Jamani, baba yangu alizikwa Machi 1998!

Nikakaa juu ya ndoo ya Mwanaasha.

"Umeipata wapi?"

"Si mama yako? Ananipa makaratasi nifungie karanga. Miezi mitatu sasa."

Nyie! Nahangaika mpaka Chalinze kutafuta chati za watu baki, kumbe za baba yangu zinafungiwa karanga!

Na marehemu anaandikaje?

Alipofariki nilikuwa na miaka saba, nipo Lugoba kwa shangazi Arafa. Niliporudi nikaonyeshwa kaburi tu. Sasa kichwa kikaanza kunizunguka... Kama hakufa je? Kama alituacha, mama akaficha aibu?

Nikaingia nyumbani nikiwa moto. Hata shikamoo sikutoa.

"Mama, baba yuko wapi?"

"Astaghfirullah! Una nini leo?"

"Usinidanganye! Kwenye lile kaburi kalala nani?"

Mama yangu, Bi Esha, akaiona karatasi mkononi mwangu. Akaweka ungo wa mchele chini.

"Kuchoma nilishindwa," akasema. "Nikataka ziishe polepole. Wewe kila chati unaipiga picha unaweka mtandaoni. Nilijua ipo siku utazifikia hizi."

"Kaandika nani?"

"Nipe kalamu."

Nikacheka kwa hasira. Mama hajui kusoma wala kuandika! Benki dole gumba, hati ya nyumba dole gumba.

Akageuza karatasi. Akaandika.

Wallahi nywele zilinisimama! Saba ikatoka na kistari tumboni. Mkono wa mama, mwandiko wa marehemu! Nikageuka nyuma, maana nilihisi kabisa chumbani tuko watatu.

"Alinifundisha kwa chati," mama akasema. "Kila Ijumaa yeye anaandika, mimi naiga chini yake. Shule sikuiona. Alipofariki nikakaa eda, miezi minne na siku kumi ndani. Ijumaa ya kwanza kipindi kikaanza, na daftari lake lipo palepale... Nikaona uchungu libaki tupu. Nikamwandikia. Hivyo hivyo mpaka eda ikaisha."

"Mbona uliacha? Na dole gumba miaka yote hii?"

"Sina mwandiko wangu, mwanangu. Ninao wake tu. Nikiandika, anakuja. Anakaa pale." Akaonyesha kigoda cha dirishani. "Nikiweka kalamu chini, namzika upya."

Nikampigia magoti nikalia mpaka sauti ikakauka. Nilimtukania mume wake kaburini, na yeye ndiye akanifuta machozi.

Karatasi za eda zilikuwa kumi na nane. Kumi na saba watu wa Dunda walishakula karanga wakatupa. Nimebaki na hii moja.

Ndugu zangu, nimewauliza wazee wa watu nusu ya mkoa huu Ijumaa zao zilikuwaje. Mama yangu, tunayelala naye nyumba moja, sikuwahi kumuuliza hata siku moja. Usidhani kila aliyenyamaza kwenu anaficha uovu. Muulize kwa adabu, tena mapema, kabla hajaanza kugawa makaratasi yake.

Juzi nilimsindikiza benki. Karani akamsogezea kidau cha wino.

"Nipe kalamu, baba," mama akamwambia.

Kisha akasogea kidogo kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja, ndipo akaandika jina lake.