Miguu ya Tiril

Siku ya Mei Kumi na Saba, sikukuu ya taifa ya Norwei, mtaa mkuu wa Oslo ukiwa umefurika bendera na tarumbeta, kipini cha fedha kifuani mwa Tiril kilinasa kwenye sweta ya kijana asiyemjua. Tiril alivaa gauni zito la sufu nyeusi, maua mekundu yametariziwa hadi pindoni. Kijana akataka kujinasua kwa nguvu.

"Usivute! Hicho cha bibi yangu. Ukikivunja utanioa."

"Basi ngoja nikivute vizuri."

Huyo ndiye Vetle, dereva wa tramu, zile treni za mitaani, mwingi wa kicheko na mfupi wa subira. Kiangazi kilipoisha walikuwa chanda na pete. Kisha Tiril akaitwa jeshini, akapelekwa kaskazini kabisa, mpakani. Huko simu za mkononi hufungiwa kabatini, kwa hiyo aliandika barua, na Vetle alizisoma kwenye tramu akifika mwisho wa njia.

"Mpenzi, soksi tunazikaushia tumboni, usicheke. Mkate na samaki wa kopo asubuhi na jioni. Chumbani tuko sita, wavulana wanne na wasichana wawili tu. Aslak, mvulana wa kitanda cha juu, anakoroma kama trekta."

Vetle alicheka. Ila jina la Aslak lilirudi, likarudi tena, na kicheko kikapungua. Februari ikaja hii:

"Jana mazoezini sikuvihisi vidole vya miguu. Aslak akafungua koti, akaiweka miguu yangu tumboni kwake mpaka ikapata moto. Nimekukumbuka sana, kipenzi."

Jumapili Vetle alipiga simu ya kantini ya kambi.

"Tumboni? Juu ya ngozi?"

"Vetle, ndivyo tunavyofundishwa. Kila askari ana mwenzake wa kumwangalia."

"Mwenzako yeye! Na mimi nani?"

"Wewe mpenzi wangu, mjinga wewe. Punguza sauti, kuna foleni nyuma yangu."

"Waache wasikie! Mwanamume mwingine asiguse miguu yako tena. Akigusa, usiniandikie."

Tiril aliwageuzia mgongo waliokuwa kwenye foleni.

"Sawa," alisema, akakata simu.

Kuuliza si ujinga, lakini Vetle hakuuliza. Sanduku la barua likabaki tupu, naye kwa kiburi chake hakupiga tena. Siku moja mchana simu yake ikalia.

"Mimi Aslak. Wa kitanda cha juu. Njoo Tromsø, hospitalini. Tiril hajui kama nimekupigia."

Vetle alipanda ndege akiwa bado amevaa sare yake ya kazi. Wodini alimkuta kijana mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi, ameketi kando ya kitanda. Ndiye Aslak. Akainuka, akampisha kiti, akatoka. Miguu ya Tiril ilikuwa imefungwa bandeji.

"Dhoruba ilitukuta mlimani," alisema Tiril. "Aslak aliniuliza miguu vipi, kila mara akiniuliza. Nikamwambia iko sawa."

"Kwa nini, Tiril?"

"Si ulikataza? Daktari anasema vidole viwili havitapona."

Vetle akapiga magoti, akalia waziwazi kama mtoto. "Nisamehe. Wivu ulinipofusha. Nitakuoa, nitakubeba ngazi zote. Sitakukataza kitu tena, naapa."

Tiril akampapasa nywele. Alimpenda bado, alimpenda hata kifua kikauma.

"Nakuamini. Tatizo ni mimi. Miguu ilipokufa ganzi, nilifikiria hasira yako kabla ya miguu yangu."

"Sina hasira tena!"

Akajivuta kumkumbatia, na kiwiko chake kikagonga bandeji. Midomo ya Tiril ikapauka.

"Nimekuumiza?"

"Hapana," alijibu Tiril upesi, huku akitabasamu.

Wakatazamana. Tabasamu likamtoka, machozi yakaanza kumbubujika.

"Umeona, mpenzi?" alisema. "Nimekuficha maumivu tena. Rudi Oslo."