Diski Iliyozushiwa Kifo

"Kisima anaita Swala. Swala, unasikia?"

Esteria Luhaga, mpelelezi wa serikali, alisimamisha pikipiki yake, Yamaha DT, kando ya shamba la pamba, nje kidogo ya Bariadi, akachomoa redio ya Motorola kiunoni.

"Swala anasikia. Sema."

"Mashine ya nyumbani kwako imetoa taarifa. Diski ya pili mbovu. Fundi wetu Method ameshafika kuibadilisha. Usiwe na wasiwasi."

Usiwe na wasiwasi! Watu wa Dar, bwana. Wakikwambia hivyo ndipo uanze kuwa nao.

Alitia gia.

Ilikuwa miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi, kila mwenye mzani akawa mnunuzi. Wengi walifuata pamba kweli. Hendriks, mzungu wa kuja na kuondoka, alifuata kingine. Ndani ya marobota yake ya pamba mlikuwa na bunduki za kuvushwa mpakani. Aliyemfichulia Esteria siri hiyo alikuwa Mektilda, mama wa mapacha, mpiga chapa wa marobota pale jineri, kiwanda cha kuchambua pamba. Jina lake, picha yake, hata njia anayopita akirudi kwake, vyote vilikuwa kwenye diski mbili, moja ikinakili nyingine, ndani ya stoo ya Esteria. Ofisini kulikuwa na masikio mengi, ndiyo maana zilikaa nyumbani.

Diski moja ikitoka mle, Mektilda amekwisha.

Alimkuta Method stooni, shati jeupe, bisibisi mkononi, anafunga mashine.

"Karibu, dada Esteria. Kazi imekwisha. Taa nyekundu imezimika."

"Ile mbovu iko wapi?"

"Imekufa kabisa. Nimeiponda kwa nyundo, ndio utaratibu."

"Ngozi je?"

Method alicheka. Msukuma mwenzake huyo, alielewa. Usukumani ukimwekesha mtu ng'ombe wako akafa, hakuletei maneno matupu. Anakuletea ngozi.

"Nilijua tu utauliza." Akatoa mfukoni diski iliyopondwapondwa. "Ngozi hii hapa."

Esteria aliipokea, akaigeuza. Akaangalia kona za lebo.

Baba yake, mzee Luhaga, aliwahi kuletewa ngozi ya ng'ombe wa jirani, akaambiwa ni wa kwake. Tangu hapo, ngozi ikifika mikononi mwake, alitazama sikio kwanza, kama lina mkato wa zizi lake. Na Esteria diski zake alizikata sikio: mkato mdogo wa wembe kwenye kona ya lebo, alama ileile ya zizi la kwao. Lebo hii ilikuwa na kona zake zote nne.

Method alikulia mjini. Ngozi aliikumbuka, sikio hakulijua.

"Method," alisema taratibu, "huyu si ng'ombe wangu."

Mkono wa Method ukaruka kwenye begi.

Akachelewa. Bastola ya Esteria, Makarov, ilikuwa imeshamgusa kidevu.

"Nani anayo?"

"Dada, nina familia..."

"Hata huyo mnayemtafuta anayo! Nani?"

"Hendriks. Katoka sasa hivi, anaenda kiwanja cha ndege. Ana laptopu, ana waya wa kuifungulia."

"Na ile taa nyekundu?"

"Nililegeza waya wiki iliyopita, nilipokuja kusafisha vumbi. Diski ilikuwa nzima."

Pingu moja mkononi mwa Method, nyingine kwenye nondo ya dirisha. Esteria akatoka mbio.

Land Cruiser nyeupe ya Hendriks ilikuwa mbele, inatimua vumbi.

Pikipiki ilinguruma. Moyo wake ulinguruma zaidi. Akilini aliwaona wale mapacha wakimsubiri mama yao mlangoni, akajichukia kwa kuwahi kumwambia Mektilda kwamba kwake hakuna kitakachovuja.

Kisha barabara ikajaa ng'ombe.

Dereva wa Hendriks alipiga honi. Aliyewaswaga hakugeuka hata shingo. Unampigia honi Msukuma akiwa na ng'ombe wake? Thubutu! Land Cruiser ikakata kushoto, ikapita makorongo, ikirukaruka kama mbuzi aliyekata kamba.

Esteria akapita katikati ya pamba.

Paa! Risasi yake ikalaza tairi la nyuma la Land Cruiser.

Hendriks alikuwa kiti cha nyuma, laptopu mapajani, diski ikining'inia kwenye waya. Dereva wake alishatokomea shambani. Mzungu alitabasamu, na Kiswahili chake kilikuwa safi.

"Umechelewa, binti. Niliiwasha tangu mjini. Jina linakuja sasa hivi."

Esteria alinyoosha bastola. Kwenye ukimya ule diski ikalia.

Ka. Ka. Ka.

Tabasamu la Hendriks likayeyuka. Alibonyeza tena. Akabonyeza kwa hasira. Diski inayozunguka haitaki kutikiswa, naye kaiburuza ikiwa imewashwa juu ya makorongo yote yale. Haraka yake ndiyo iliyomponza. Kwenye skrini yakatokea maneno machache mekundu: diski imeharibika.

Safari hii kweli.

Mkono wake ulishuka kwenye koti. Buti la Esteria liliuwahi, bastola ya mzungu ikaangukia kwenye pamba.

"Kisima, Swala hapa. Mzungu ninaye. Marobota?"

"Polisi wameyazuia Lamadi. Diski je?"

Esteria aliokota jiwe, akaiweka diski juu ya bampa, akaiponda hadi mkono ukamuuma.

"Haipo," alisema, akazima redio.

Jua likiwa limepinda, alipita getini pa jineri. Mektilda alikuwa anatoka na wenzake, wino wa chapa viganjani, kanga begani. Hapo mbele za watu walijifanya hawajuani sana.

"Mwadila, dada," Mektilda alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola." Mektilda akamtazama juu hadi chini, vumbi tupu. "Yesu wangu! Umepatwa na nini?"

"Nimeanguka na pikipiki."

"Pole jamani. Na wewe uwe unaendesha taratibu, unakimbilia wapi?" Akacheka, akajitanda kanga. "Ngoja niwahi, wale watoto wangu hawali mpaka wanione."

Esteria aliitikia kwa kichwa tu. Alisimama mpaka Mektilda alipopinda kona, kisha akawasha pikipiki, akaondoka taratibu.