Waya Uliokatwa kwa Makusudi

Mama Swichi aliwasha swichi kabla hajaambiwa, na hilo halikuwa limewahi kutokea tangu aanze kazi hiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mumewe alikuwa fundi umeme wa magari, na mtaa mzima ulimwita Fyuzi kwa sababu alikuwa mwepesi kuungua: neno dogo tu, moto umeshawaka. Gereji yake ilikuwa uani kwake, kati ya kamba ya nguo na mlango wa jikoni. Watoto walishaoa na kuolewa wakaenda zao, na wasaidizi aliowaajiri hawakudumu, maana nani angeuvumilia mdomo ule? Basi mkewe ndiye aliyekaa kwenye kiti cha dereva akishika ufunguo, naye Fyuzi akalala chini ya gari akitega sikio. "Washa!" "Nimewasha." "Zima!" "Nimezima." Miaka nenda, miaka rudi. Majirani walitania kwamba hiyo ndiyo ndoa pekee mtaani ambayo mume akisema, mke anatenda bila kuuliza. Mama Swichi alicheka tu, kwa sababu alijua vizuri nje ya gari nani alikuwa akimtii nani.

Siku hiyo walikuwa na pikapu kuukuu iliyoletwa kwa kuvutwa na kamba. Aliyeileta alikuwa muuza matofali, jina lake la mtaani Tofali. Alisema stata inazungusha vizuri ila gari haliwaki, akaomba litengenezwe upesi, akaondoka bila hata kungoja chai.

Pikapu za aina hiyo zina pampu ndogo ya umeme ndani ya tenki la mafuta. Ukiwasha swichi, kabla hujapiga stata, pampu huvuma kidogo kama nyuki ndani ya chupa, kisha hunyamaza. Usipousikia mvumo huo, ujue mafuta hayaendi mbele. Ndiyo maana kuitafuta hitilafu hiyo kunataka watu wawili, mmoja wa ufunguo na mmoja wa sikio.

Fyuzi alikuwa ndio kwanza ameingia chini ya bodi aliposikia swichi ikiwashwa.

"Bibie!" aliita akitoka nje kwa mgongo. "Nani kakwambia uwashe?"

"Si wewe umesema washa?"

Fyuzi akamwonyesha tochi, aliyoitoa mdomoni sasa hivi tu ili aweze kumwita. Alikuwa ameing'ata kwa meno tangu alipolala chini, ili mikono yote miwili iwe huru. Mkewe akaitazama ile tochi iliyolowa mate, akamtazama na yeye, kisha akazima swichi taratibu.

"Umeanza kuzeeka," Fyuzi akasema, akarudi chini.

Kazi ikaendelea kama kawaida. Fyuzi za kwenye kisanduku zilikuwa nzima, hata moja haikuwa imeungua, tofauti na fundi mwenye jina lao. Rilei, ile swichi ndogo inayopeleka umeme kwenye pampu, iligonga vizuri. Taa ya kupimia iliwaka kwenye waya unaotoka kwenye rilei, lakini alipoipeleka nyuma kwenye plagi ya tenki, haikuwaka. Umeme ulikuwa unatoka mbele na haufiki nyuma. Akauandama waya kwa vidole chini ya chasisi, inchi kwa inchi, hadi akapakuta mahali penyewe. Panya hawakuwa wameula, na wala haukuwa umeungua. Ulikuwa umekatwa kwa chombo kikali, kila ncha imekunjwa, imefungwa tepu, na juu ya tepu pamezungushwa kitambaa cheupe kilichogeuka rangi kwa vumbi na mafuta.

Mtu mwingine angejiuliza. Lakini katika kazi yao, waya uliokatwa una maana moja tu, kwamba fundi aliyetangulia alikuwa mjinga. Kila fundi anaamini hivyo juu ya fundi aliyemtangulia, na Fyuzi aliamini zaidi ya wote. Alivifumua vile vitambaa, akavitupa, akaumenya waya, akausokota, akaufunga tepu mpya.

"Washa!"

"Nimewasha."

Pampu ikavuma. Fyuzi akatabasamu huko chini, akasubiri inyamaze. Haikunyamaza.

"Zima!"

"Nimezima."

Ikaendelea kuvuma. Rilei imeganda, akajiambia, mambo ya kawaida hayo. Akatoka, akafungua boneti, akaing'oa rilei na kuishika mkononi. Pampu ikavuma. Akafungua nati za betri, akaziondoa waya zote mbili, akaibeba betri na kuiweka chini kwenye saruji, mbali kabisa na gari, lakini kule nyuma, ndani ya tenki ambalo sasa halikuwa na umeme wa kutoka popote, kile kitu kilikuwa bado kinavuma. Kilivuma mpaka kilipoamua chenyewe kunyamaza.

"Ni nini ile?" mkewe akauliza kwa sauti ya chini.

"Umeme uliobaki kwenye waya," Fyuzi akajibu, na alijua ni uongo, na mkewe alijua kwamba anajua.

Alimpigia Tofali simu aje achukue gari lake. Tofali alisema anakuja, kisha simu yake haikupatikana tena.

Baada ya hapo harufu ya petroli ikaingia jikoni. Fyuzi alikagua bomba, akakagua tenki, akapiga magoti akanusa sakafu. Hapakuwa na tone. Harufu ilikuwa kwenye mtungi wa maji, kwenye mashuka, na mwisho kwenye nywele za mkewe. Kisha akaanza kumsikia akiitika. Anakatakata vitunguu, kimya, mara anainua kichwa: "Nimewasha." Anafua: "Nimezima, baba." Fyuzi akimwuliza anaongea na nani, anashangaa: "Si umeniita?" Na kila alipoitika, kule uani pampu ilivuma kidogo, kwa furaha, Fyuzi angeapa kwamba ni kwa furaha.

Ikaja siku ambayo Fyuzi aliamka kutoka usingizi mfupi wa mchana, jua liko utosini na ua umenyamaza hata kuku hawaparui, akaona mlango wa jikoni u wazi na chungu kinaungulia motoni, akatoka miguu mitupu hadi kwenye pikapu, akamkuta mkewe ameketi kwenye kiti cha dereva, madirisha yote yamepandishwa, uso unatiririka jasho, mkono wake wa kulia uko kwenye tundu la ufunguo unazungusha, unarudisha, unazungusha, unarudisha, na vidole vimechubuka hadi kutoka damu, kwa sababu mkononi hamkuwa na ufunguo wowote. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa suruali ya Fyuzi.

Alimtoa kwa kumbeba. Alimkalisha kitandani, akamfunga vidole, akalia.

Kwa kuwa Tofali hakupatikana, Fyuzi aliulizia ndugu zake, na jirani mmoja ndiye aliyemjua shangazi yake. Fyuzi alimfuata mwenyewe. Alikuwa mwanamke mzee mkavu, mganga wa watu wa mtaa wake, ndio kwanza ametoka hospitali. Fyuzi alipotamka neno pikapu, yule bibi alishika kiuno.

"Ile ni ya marehemu mume wangu. Huyo mtoto wa kaka yangu kaivuta kutoka uani kwangu nikiwa nimelazwa? Na waya? Waya niliukata kwa mkono wangu mwenyewe."

"Niliuunga mimi, mama," Fyuzi akasema.

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

Bibi akamtazama kwa huruma na hasira pamoja. "Lililomo mle linaishi kwa kuitikiwa. Linaita, unaitika, linanenepa. Mume wangu lilimwita kwa sauti yangu. Nilimkuta kwenye usukani, mkono uko kwenye swichi, keshapoa. Mkeo kaitika mara nyingi?"

Fyuzi hakuweza kuhesabu.

Walikuja wote mchana uliofuata, bibi akimkokota Tofali kwa ukosi wa shati. Maagizo yalikuwa mafupi. Mama Swichi akae palepale anapokaa siku zote, maana popote angekwenda lingemfuata. Lazima likataliwe kwenye kiti chake. Fyuzi aukate waya, yeye aliyeuunga. Wakati anaukata litaita, tena kwa sauti yake.

"Wewe mwanangu," bibi akamwambia Fyuzi, "ukishaingia chini, hufungui kinywa. Hata kupiga chafya hapana. Na wewe binti, kila utakachosikia kutoka chini, hata kikulilie, si mumeo. Ukiitika mara moja tu, mimi sina dawa."

"Nimeelewa," Mama Swichi akasema. Akamgeukia mumewe. "Fanya haraka, baba."

Fyuzi akapandisha gari kwa jeki, akaingia chini na koleo mkononi. Bibi alibaki mbele ya boneti akifukiza ubani na kunong'ona maneno yake, macho ameyafumba. Tofali alikuwa kesharudi nyuma hadi getini.

Fyuzi hakuwa hata ameugusa waya aliposikia sauti yake mwenyewe, karibu kabisa na sikio lake, ikisema kwa utulivu, "Washa, bibie." Kimya juu. "Washa nisikie." Kimya. Sauti ikakasirika, ikatukana, matusi yale yale ambayo Fyuzi alimtukana mkewe miaka mingi na kudhani yamesahaulika. Kimya. Ndipo pikapu ilipoanza kushuka. Haikuanguka, ilishuka polepole, kama vile mtu mzito anakaa juu ya bodi kwa starehe, jeki ikalia, ikapinda, na chuma cha chasisi kikamkalia paja la kushoto, kikaendelea kushuka, na mfupa ukaanza kusema. Fyuzi akapanua kinywa. Mkewe alikuwa hatua chache tu juu yake, na Fyuzi alijua kwamba akimwita sasa, kwa sauti ya uchungu wa kweli, mke yule angeitambua kati ya sauti zote za duniani na angeshuka mbio, angeitika kabla hata mguu haujagusa ardhi, Fyuzi angekuwa ameokoka na mkewe amekwenda. Akaingiza mkono wa shati mdomoni, akauuma hadi meno yakakutana na nyama.

"Mke wangu, gari limenikalia!" sauti ikalia kwa niaba yake, ikilia vile hasa ambavyo yeye angelia. "Nakufa huku chini! Niitikie tu nijue upo!"

Juu, Mama Swichi akaanza kulia kwa nguvu. Alilia kama mtu aliyefiwa, akapiga ngumi kwenye dashibodi, lakini hakuitika. Fyuzi, machozi yamemjaa masikioni, akaunyosha mkono wenye koleo, akaupapasa waya, akaubana na kuukata.

Pampu ikavuma mara moja, ikanyamaza.

Bibi ndiye aliyeona mguu. Tofali na majirani wakalinyanyua gari kwa mikono. Pikapu ile ilikatwakatwa vipande ikauzwa chuma chakavu, kila kipande kwa mtu wake.

Sasa Fyuzi anatembea kwa kuburuta mguu, na mkewe ni mzima, anacheka, nywele zake zinanukia sabuni. Ila Fyuzi hamwiti tena. Akimtaka, anajikokota hadi alipo na kumgusa bega. Akijisahau akaita taulo kutoka bafuni, hajibiwi, na wala hakasiriki.

Jana mchana walikuwa wanakula mezani, Fyuzi mdomo umejaa. Mkewe akasimamisha mkono, akageukia mlango wa mbele. Akamshika mumewe kiganja, na vidole vyake vilikuwa baridi.

"Safari hii si sauti yako," akanong'ona. "Ni binti yetu. Anasema amefika na mtoto mgonjwa, nimfungulie."

Fyuzi alikuwa ameisikia pia. Na mlango, kweli, ulikuwa unagongwa, na nyuma yake kitoto kilikuwa kinalia. Walikaa hivyo hivyo, wameshikana mikono juu ya meza, wakitazamana, na hakuna aliyeitika.