Saa ya Yasmine na Moyo wa Walid

Matope ya pikipiki yalimrukia Yasmine mbele ya mlango wa hospitali, watu wakiwa tele, yakachafua kitenge chake cha kijani chenye ndege wa njano, alichokivaa siku hiyo kwa mara ya kwanza.

"Pole, dada," akasema dereva. Walid, koti la ngozi, meno meupe.

"Pole iko nafua kitenge?"

Ndivyo walivyojuana. Mkononi Yasmine alikuwa na saa nyeusi, aliyofungwa hospitalini muda huohuo. Ijumaa iliyofuata angekatwa uvimbe wa shingo, na saa ile ingesikiliza moyo wake juma zima, habari ziende kwenye simu ya muuguzi, Mama Félicité.

Siku ya tatu Walid alikwisha kumwita sheri, yaani mpenzi, akimpitia kila mchana penye cherehani yake na kumbeba kwa pikipiki.

Alhamisi Mama Félicité akamwita hospitali. "Moyo yako iko naruka mapigo, binti. Kila siku saa saba. Dokta amekataa kukupasua, na Jumamosi anarudi Bukavu."

Saa saba. Yasmine akampigia Walid simu.

"Sheri wangu..."

"Usiniite sheri. Kila adhuhuri nikienda kutawadha nilikuachia saa. Uliiweka wapi?"

"Mkononi. Nikazunguka nayo kidogo hapo parking. Wenzangu wakaniita patron, ati bosi."

"Patron! Miye nashindwa kumeza ugali, weye unapiga mtindo na operasyo yangu. Kuja hapa."

Walid alipofika, Yasmine hakumpa hata salamu.

"Na saa hii haiogopi maji, haikuwa lazima kuivua," akanung'unika Mama Félicité. Akampima Yasmine upya: moyo safi. "Nitamwambia dokta. Kesho unapasuliwa." Kisha akashika mkono wa Walid, akahesabu mapigo. "Moyo huu ndiyo wenye kuruka. Unasikiaka kizunguzungu?"

"Mara moja moja. Nikiendesha kwenye kona za Luberizi."

Yasmine akamgeukia. "Ulijua. Na ulikuwa unanibeba."

"Ningekuambia, ungepanda tena?"

Yasmine alivua saa, akaifunga kwenye mkono wa Walid, akaikaza mpaka kijana akakunja uso.

"Siku saba. Ukiivua, hata kwa udhu, usinitafute."

"Na nisipoivua?"

"Utakuja kwetu, uongee na baba yangu." Akatangulia mlangoni, bado amenuna. "Na weye utakuja kwa miguu."